Kutafuta Ndege Nne za Vita, Nunguni hadi Kanyangi

Ujumbe mfupi ndio uliotutoa mjini Wote Ijumaa ile asubuhi. Muthama, mchongaji wa Nunguni, alikuwa ameandika kwenye ukurasa wake kwamba Jumatatu angeviondoa visanduku vyake vyote, kwa sababu tangu avifiche hakuna aliyewahi kuvimaliza. Mimi na binamu yangu Kasyoka, mwenye saluni na gari la Probox, tulikuwa tumesema tutavitafuta "mwezi ujao" kwa zaidi ya mwaka mzima. Sasa hakukuwa tena na mwezi ujao.

Kwa asiyeujua mchezo huu, wenyewe huuita geocaching. Mtu huficha kisanduku, huonyesha mahali pake kwenye ramani ya mtandaoni, na wengine hukitafuta kwa simu. Ukikipata unaandika jina lako kwenye karatasi iliyomo, kisha unakirudisha. Muthama alificha vinne, kila kimoja kikiwa na jina la ndege ya Vita Vikuu vya Pili, na ndani yake ndege hiyo hiyo, ndogo, iliyochongwa kwa mkono wake. Wachezaji wana kanuni wanayoishika sana: watu wa mahali hapo wasijue unatafuta nini, wasije wakakibeba.

Nunguni ilitupokea kwa ukungu na baridi ya kuvaa sweta mbili. Spitfire ilikuwa karibu na kwake Muthama, nyuma ya jiwe lililolegea kwenye kingo za matuta ya shamba. Tuliandika majina yetu, na alipotuona tukifuta udongo mikononi akatuita ndani tunywe chai. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi.

"Babu alikuwa mpagazi wa jeshi," alitueleza. "Vita hakuvipenda, lakini ndege alizisimulia mpaka tunalala."

"Na huyu anazificha mpaka anazeeka," mkewe Syombua akasema kutoka jikoni. "Baba Mwikali, waulize wageni kama wameona sukari. Hiyo haijafichwa."

Tulicheka sote, naye pia, ila kicheko chake kiliisha kabla ya chetu.

"Watoto wananiambia nafichia nyani," alisema. "Hizi tatu za kwanza watu wanapata. Mosquito, ile ya Kanyangi, wote wanaandika hawakuona. Mkikosa nyinyi pia, Jumatatu naanza kutoa."

"Si ungeenda uangalie kama iko?" Kasyoka akauliza.

"Na nikute haiko?"

Tulimwahidi tutatafuta mpaka tuchoke, na Syombua akatufungia viazi vitamu vya njiani.

Tulipofika Kiboko mchana, tulikuwa tumeshavua sweta zote. Dakota ilikuwa ndege ya kubeba mizigo, na Muthama aliipa makao yanayoifaa: ndani ya tairi kuukuu, nusu limefukiwa, pale malori ya Mombasa yanapopumzika. Taniboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori, alitutazama tukipapasa tairi kwa zamu. Kwa kutii kanuni nilimwambia tumepoteza ufunguo. Akapiga magoti, akaanza kutusaidia kuutafuta kwa moyo wote. Ilibidi Kasyoka audondoshe ufunguo wa Probox kwenye nyasi ili kijana wa watu apate kitu.

"Umeona unavyotufanya waongo?" aliniambia tukiingia garini. "Mtu mzima na akili zake anaficha mkebe. Mtu mwingine mzima anautafuta. Na mafuta ni yangu."

Tulilala Kibwezi. Jumamosi asubuhi tukafika mto Athi, ambapo tulitafuta Catalina, ndege iliyokuwa ikitua majini. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakienda bila haraka. Kisanduku kilikuwa juu kabisa ya ukingo, kwenye mizizi ya mkuyu, mahali ambapo mafuriko hayafiki. Kasyoka ndiye aliyekiona, na hakuniacha nisahau jambo hilo mpaka Mutomo. Karatasi yake ilikuwa na majina mengi. Niliyasoma yote: watu hawa wote walikuwa wamepata tatu, wakaishia hapo.

Kanyangi tulifika mchana, baada ya kuacha lami na kula vumbi la kutosha. Dokezo la Muthama lilisema tu kwamba Mosquito ilikuwa ndege ya mbao. Simu ilituongoza kwenye mgunga mmoja mkubwa kando ya shamba la pojo. Tulizunguka shina, tukachungulia kila ufa. Hatimaye niliinua macho. Kwenye tawi ulining'inia mzinga wa nyuki, gogo lililotobolewa, na kwenye kifuniko chake mduara ndani ya mduara ndani ya mduara: buluu, nyeupe, nyekundu. Ndiyo alama iliyokuwa kwenye mabawa ya ndege zote tatu tulizoziona.

Ile furaha haikudumu. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kama watu sokoni.

"Mnatafuta nini?"

Alikuwa mama wa makamo, jembe begani, amesimama mpakani mwa shamba. Nilijibu kama kanuni inavyotaka. "Tunapiga picha za miti, mwaitu." Hivyo ndivyo tunavyomwita mama yeyote wa umri wake.

"Miti," akasema. Akashusha jembe, akaliegemea, akatulia. Ilikuwa wazi kwamba hataondoka kabla yetu.

Kasyoka akanitazama mimi, akautazama mzinga, akamtazama yule mama. "Mwaitu, huyu anakudanganya," akasema. "Kuna mkebe ndani ya huo mzinga. Wa mzee mmoja wa Nunguni. Tumetumwa kuutafuta, na tukishindwa mzee atavunjika moyo."

Mama alitupima kwa macho, kisha akacheka mpaka jembe likamponyoka. Anaitwa Nduku. "Kumbe ndiyo maana? Watu wamekuja hapa, wengi tu. Wanazunguka na simu, nikiuliza wanasema picha za miti. Nakaa hapa mpaka waende. Nilijua ni wezi wa asali."

"Kwani mzinga ni wako?"

"Sio wangu. Hiyo alama hatuijui. Wengine wanasema ni ya watu wa Mwingi, wengine wa Tharaka. Lakini mzinga ikiwa na alama haiguswi mpaka mwenyewe aje. Tumemchungia."

Kwetu Ukambani jambo hilo kila mtu analijua, na mimi nilikuwa nimelisahau kwa sababu ya simu. Kasyoka alijaribu kumbembeleza tufungue kidogo tu.

"Fungua," Nduku akasema. "Nyuki watakusaidia kuandika jina."

Basi tukampigia Muthama. Nilimweleza kwamba Mosquito iko, na kwamba watu wengi walikuwa wameifikia kasoro hatua chache. "Nakuja kesho," akasema.

Usiku huo Nduku alitulaza kwake, akatulisha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa pojo za shamba lile lile.

Jumapili alasiri Muthama alifika kwa gari la jirani yake, Syombua akiwa kando yake na gauni jeupe la kwaya. "Nimeacha kanisa kwa sababu ya mkebe," alitangaza kabla hata ya kusalimu.

Nduku alimwuliza Muthama swali alilolihifadhi muda mrefu. "Hiyo alama ni ya ukoo gani?"

"Ya marubani wa Waingereza."

"Wao wanafuga nyuki?"

"Mimi ndiye sifugi. Mzinga niliutundika mtupu," Muthama akajibu, na majirani waliokuwa wamekusanyika wakapasuka kwa kicheko.

Mume wa Nduku alipanda na moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Mkebe ulitoka ukiwa umezungukwa na masega, kifuniko kimezibwa na nta ya nyuki hivi kwamba karatasi ya ndani ilikuwa kavu na nyeupe, bila jina hata moja. Muthama alitunyooshea kalamu. Niliandika jina langu, Kasyoka lake, kisha Nduku akaichukua kalamu bila kuulizwa, akaandika la kwake.

Asali ilijaza ndoo. Muthama alimsukumia Nduku, Nduku akakataa: ni ya mwenye alama. Walivutana mpaka wakagawana nusu kwa nusu. Syombua alipakata fungu lao garini juu ya gauni jeupe, akalamba kidole, akafikiri kidogo.

"Hizo zingine tatu," akamwuliza mumewe, "kwa nini hukuziweka kwenye mizinga?"

Tulirudi Wote Jumatatu. Nimejifunza kwamba kwetu kitu hakilindwi kwa kufichwa. Hulindwa na jirani anayejua kwamba kina mwenyewe, na njia fupi ya kukifikia ni kupitia mlangoni kwake. Jioni nilifungua ukurasa wa Muthama. Ndege zote nne bado zipo. Chini ya Mosquito ameandika dokezo jipya: "Nyumba ya karibu na mgunga, kwa Mama Nduku. Piga hodi, useme ukweli."