Chumvi juu ya Chumvi

Shemeji yangu mkubwa hakuwahi kupanda hata kitunguu. Anakaa Kizingo, ana mtu wa kumkatia nyasi, na kila akija kwetu Mji wa Kale huanza kwa kulalamika kwamba gari lake halipiti kichochoroni. Huyo ndiye aliyejitia kunifundisha kulima.

Nilikuwa na tuta la mabiringani na mchicha uani, nikilimwagilia maji ya kisima chetu, yenye ukali wa chumvi. Majani yakaungua pembeni, na udongo ukafanya utando mweupe. Shemeji aliyatazama kwa mbali, asije akachafua viatu.

"Yana njaa haya," akasema. "Tia mbolea ya chumvichumvi. Na majivu, mengi."

Nikatia. Baada ya wiki mbili mabiringani na mchicha vyote vilikuwa vimekauka.

"Mkono wako mzito, umezidisha," akaniambia, kisha akaomba chai.

Mama mmoja wa Kigiriama alikuwa akituletea mboga mlangoni kila Jumanne. Shamba lake liko kando ya mkono wa bahari, huko bara, ng'ambo ya kisiwa chetu. Nilimwonyesha lile kaburi langu. Aliinama, akachota udongo kidogo kwa kidole, akauonja, akatema.

"Ni chumvi, mwanangu. Nawe umeongeza chumvi juu ya chumvi! Nani alokwambia?"

Niliona haya kumtaja.

Alinikwangulisha ule utando wote, nikautupa. Akanifanya niliinue tuta na kulifungulia njia ya maji chini, kisha tukaiacha mvua ya masika iuoshe udongo. Nikaweka pipa chini ya bati kukinga maji ya mvua. Tukatia samadi iliyooza na kufunika kwa majani makavu, jua lisiivute chumvi juu. Kupanda kunde alinikataza. "Hizo hazivumilii chumvi. Anza na mchicha na spinachi. Na maji umwagie shinani, usiyarushie majani."

Mchicha ulitoka mnene, hata nikawagawia majirani.

Idd ilipofika, shemeji alikula sahani mbili za mchicha wa nazi, akajifuta midomo, akawageukia wageni. "Bustani hii ilikuwa imekufa. Mimi ndiye niliyemwelekeza."

Wageni wakamsifu. Mama mkwe akatabasamu kwa fahari. Nami, niliyejua yote, nikamwongezea wali. Nilimdharau pale pale, yeye na kanzu yake ya pasi, lakini nilijidharau zaidi mwenyewe kwa kunyamaza.

Jumanne nilimsimulia yule mama. Nilidhani atakasirika. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Mwache ale," akasema, akijitwika kikapu. "Lakini mbegu usimpe."

Wiki iliyofuata shemeji alipiga simu: anataka kupanda mchicha kwake, nimpelekee mbegu.

"Sina," nikamwambia, nikakata simu.