Fundi Anapanda

Mama yangu alikuwa na neno moja alilolichukia kuliko matusi: mkandarasi. Kwake mkandarasi ni mtu wa barabara. Anakuja kwetu Kibiti na greda lake, anachimbua palipokuwa pazuri, anakula kuku wa watu, na masika yakikaribia humwoni tena. Mwaka mmoja basi lilikwama kwenye kifusi cha mtu wa namna hiyo, mama akalala njiani amekumbatia kiroba cha mchele. Tangu hapo, hata sufuria ikitoboka, alisema ni kazi ya mkandarasi.

Basi kaka yangu alipokuja kula sikukuu ya Idi, miaka ile ya ruksa, kampuni binafsi zilipofunguliwa milango, akasema amestaafu jeshini na sasa yuko kwa mkandarasi, mama aliacha kuchambua mchele. Kaka alikuwa fundi wa helikopta. Akaeleza taratibu kwamba jeshi limeipa kampuni binafsi kazi ya kuzitunza, na kampuni imewaajiri mafundi walewale. Karakana ni ileile, ila yeye siku hizi anaingilia geti jingine na ovaroli yake ni ya bluu. Alisema mpango huo una mazuri yake. Zamani walisubiri spea mpaka kuku angeweza kutagia kwenye injini. Sasa ikiagizwa, inafika.

Mama alimuuliza jambo moja tu: "Bado mnapanda?"

Tulijua anauliza nini. Kwenye kikosi chake kaka walikuwa na desturi: fundi aliyefunga injini ndiye anayepanda na rubani wakati wa kuijaribu. Kaka alitusimulia hilo kila likizo tangu ujana wake, na mama aliliona ndilo la maana kuliko gwaride na vyeo vyote. Kaka akajibu hapana, hawapandi tena. Mkataba unakataza, kwa kuwa bima ya kampuni haimtambui fundi akiwa hewani. Yeye anasaini, rubani anaruka. Mama akarudi kwenye ungo wake. Nilimtania kaka kwamba sasa naye ni mtu wa greda. Akacheka, lakini si sana.

Kisha mto ukafurika. Mimi na mama tulikuwa deltani, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunakolindia mpunga usiliwe na ndege, wale wa manyoya. Mama alikuwa amejikata mguu kwa jembe. Kidonda kikatunga usaha, mguu ukavimba hadi gotini, homa ikampanda. Hakuna mtumbwi ambao ungeshindana na mkondo ule. Sitamung'unya maneno: bila hospitali ningemzika.

Helikopta ya jeshi ilipotua kwenye kipande cha ardhi kavu nyuma ya msikiti, majirani walimbeba mama hadi hapo. Rubani, kijana mpole, akamwamkia shikamoo, akamwomba apande. Mama akauliza chombo hicho kinatunzwa na nani. Kijana wa watu, kwa nia njema kabisa, akajibu: "Usihofu, bibi. Siku hizi zinatunzwa na wakandarasi."

Natamani ningemziba mdomo kwa kanga. Nikamwambia mama haraka kwamba mkandarasi mwenyewe ni mwanawe, kwamba kaka ametuma salamu kuwa yuko Kibiti kwenye uwanja wa mpira, helikopta inakotua, na anaikagua kila inaporudi.

"Kama ni yeye, mbona hayumo?" akasema mama. "Miye siingii."

Nilikasirika mpaka nikalia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, sawa, lakini mguu ulikuwa umeanza kunuka. Rubani alichukua wagonjwa wengine akaondoka nao. Nilikaa kando ya mama nikimfukuzia nzi, na nikimchukia kidogo.

Iliporudi, aliyeteremka kwanza alikuwa kaka, na ovaroli yake ya bluu, mikono ina grisi. Rubani alikuwa amemweleza. Hakunisalimia wala hakumbembeleza mama. Alichuchumaa tu mbele yake.

"Nimepanda," akasema.

Mama akamnyooshea mikono, akabebwa.

Mguu ulipona, ingawa alibaki akichechemea. Kampuni ilimwachisha kaka kazi muda si mrefu baadaye, kwa sababu mkataba ni mkataba na yeye alikuwa ameuvunja. Kaka hakuwalaumu. Alisema angekuwa yeye ndiye msimamizi angefanya vivyo hivyo. Mimi niliwalaumu, na nawalaumu mpaka leo. Akarudi Kibiti, akawa anatengeneza mashine za kukoboa mpunga. Mama aliambiwa tu kwamba kazi imekwisha.

Mchana mmoja jirani alikuja kuazima kinu, akamkuta kaka uani akifunga beringi, mimi namenya muhogo na mama anapepeta. Akamuuliza mama kwa nini mwanawe ameacha kazi nzuri vile, ya ndege.

Mama hakusimamisha ungo. "Si alikuwa mkandarasi," akasema. "Hao kazi hawamalizi."

Nikafungua mdomo. Kaka akanitazama, akatikisa kichwa, kisha akamwomba mama maji ya kunywa.