Aliita Mmoja, Wakaitika Wawili

Jamani, leo asubuhi nimemjaribu mwombaji kazi mmoja, wakaitika wawili.

Mimi ni nyapara wa wakata miti huku msituni, juu ya Lushoto. Bwana mzungu hupenda tuchague watu kwa misuli. Lakini kwenye ukungu misuli haisaidii kitu. Mti ukianguka, mwenzako asipokusikia, umekwisha.

Kwa hiyo mimi kila anayeomba kazi namwingiza kwenye ukungu peke yake. Aite, nisikie.

Leo amekuja Salehe, mtu wa Bungu.

"Shikamoo, nyapara."

"Marahaba. Ingia, uite."

Akaingia. Akaita, "Niko hapa!"

Bondeni ikajibu sauti, "Na mimi niko hapa."

Mwangwi haubadili maneno, ndugu zangu. Na bondeni sikuwa na mtu.

Waombaji wengine waliokuwa wakingoja zamu wakaondoka kimya kimya.

Salehe alitoka macho yamelowa.

"Unamjua huyo?" nikamuuliza.

"Ni kaka yangu. Alikuja kukata miti huku, hakurudi. Mama anataka tu kujua alipo."

Nikashuka naye bondeni. Chini ya gogo lililooza tukakuta mifupa.

Salehe akavua shati, akaifunga humo taratibu, kama anayembeba mtoto aliyelala. Kabla hatujapanda akaita tena.

Bonde likanyamaza.

Sasa yuko njiani kwenda Bungu kuzika. Nafasi yake sijampa mtu.

Nyinyi mngemngoja?