Simenti ya Gotini

Daktari alituambia kwa Kiswahili, akarudia kwa Lingala, na bado hatukusikia. Goti la chuma alilowekewa mama ng'ambo lilikuwa limeingiwa na vijidudu, na usaha ulikuwa umeula mfupa juu na chini. Alilitoa, akakwangua kilichooza, akajaza pengo kwa simenti iliyochanganywa na dawa. Simenti hiyo ingekaa mpaka vijidudu viishe, ndipo aweke chuma kingine. Usaha ukirudi, mfupa hautatosha kushika chochote, na huenda mguu ukakatwa. Kidonda kiwe kikavu. Kikavu! Hilo alilisema huku ananitazama mimi, binti, nikaitikia kama mtu mwenye akili.

Kumbe habari ya simenti ilikuwa imemfikia tonton, kaka yake mama. Tonton ni mwashi. Amejenga nusu ya kuta za Kabondo, mtaa anaokaa, anavyosema yeye, na hajazaliwa wa kumfundisha simenti.

Mimi kila asubuhi nilikwenda sokoni kuuza samaki wa mama. Nikirudi nyumbani, bandeji ya mama imelowa. Mama anasema ni jasho. Jasho gani la mguu mmoja? Nilibadilisha bandeji, nikafoka, na kesho yake ikalowa tena. Siku moja nilisahau kitambaa cha kufunikia samaki, nikarudi kukichukua. Nikamkuta tonton amechuchumaa kando ya kitanda na kopo, analimwagia goti maji taratibu, kama anavyomwagia ukuta mpya. Mama ametulia, wanachekea mambo ya utoto wao kule Yanonge.

"Tonton! Unafanya nini?"

"Simenti bila maji inapasuka. Weye unajua nini ya simenti?"

Nilimfukuza. Ndiyo, mtu mzima, mjomba wangu, nilimfukuza na kopo lake, na majirani wakatoka kusikiliza.

Usaha ulirudi. Mama alipasuliwa tena, na mfupa uliobaki haukufaa kwa goti lolote. Daktari akaunganisha paja na muundi kwa chuma kirefu. Mguu umepona, lakini haukunjiki. Mama akipanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, mguu unajitokeza barabarani kama boriti, na wenye pikipiki wanatutukana.

Nilingoja amlaumu kaka yake. Wapi! Alininunia mimi. Mwishowe nilichoka, nikamuuliza.

"Mama, hukujua maji ni mabaya?"

"Nilijua. Docteur alisema."

"Sasa kwa nini ulimwacha?"

"Tangu tulizika mama yetu, hakukujaka tena huku. Maji ndio ilimuleta kila siku. Ningekataa, angekuja kufanya nini?"

Nilikosa pa kuipeleka hasira yangu. Goti zima, jamani! Nikapanda baiskeli hadi Kabondo, nikinung'unika njia nzima, nikamkuta tonton amekaa mlangoni, hathubutu kunitazama. Nikamwambia mama anamwita.

"Nikuje na nini?" aliuliza.

"Mikono mitupu, tonton. Na iwe mikavu."