Mlima wa Majani ya Chai

Nikichuja chai jikoni na harufu ya iliki ikanipanda puani, nauona tena mlima wa Baba.

Tulikuwa tukiishi Woolwich, Uingereza. Chumba cha juu Baba alikijaza reli ndogo aliyoiunda mwenyewe, garimoshi jeusi, stesheni ya Kiingereza ya zamani yenye vijisanamu vya abiria, na mlima wa karatasi. Kitabu chake kilimwambia majani ya chai yaliyokaushwa hufanya udongo mzuri, basi akayabandika yetu mlimani kwa gundi. Mwenye kitabu hakujua kwamba chai ya kwetu huchemshwa na maziwa. Haukupita muda, mlima ukaota ukungu mweupe.

"Bwana wee, mlima umeoza! Utoe leo hii," Mama alisema, ameziba pua.

Baba akauinamia, akatabasamu. "Umeoza wapi? Hiyo theluji. Si tuko Uingereza?"

Akachukua brashi, akawapaka abiria wote makoti mazito. Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi. Mama alijikaza asicheke, akashindwa. Akamnyang'anya brashi, akamchorea mwanamke mmoja leso kichwani.

"Huyu asipate baridi," akasema.

Yuko hapa dirishani kwangu, mdogo kama ukucha, bado anangoja treni.