Mahindi ya Mama Rhoda na Mti Wangu wa Plastiki

Mwanangu, kuna Ijumaa moja ya hapa Doha, siku tunayoabudu huku badala ya Jumapili, ambayo mpaka leo nikiikumbuka natoa kofia hata kama sijavaa. Imenijia tena juzi, nilipokuona unajipimia kofia nyekundu ya Krismasi na ibada ya mavuno bado hatujafanya. Usiogope, sikugombezi. Nitakugombeza na uso gani? Mimi nilikuwa mbaya kukushinda.

Wakati huo nilikuwa kijana, kiuno kipo, meno yote yapo. Niliendesha gari la dobi, nikibeba mashuka ya hoteli za Lusail kuyapeleka Industrial Area kufuliwa. Shule niliiacha katikati, lakini kanisani walinipa uenyekiti wa kamati ya Krismasi kwa sababu moja tu ya maana: nilikuwa na gari. Basi hoteli moja ikatupa mti wake wa zamani wa plastiki, mrefu, na taa zake na theluji yake ya pamba. Niliupakia juu ya mashuka machafu, nikaendesha polepole kama nimebeba bibi harusi.

Shida ikawa nafasi. Chumba chetu cha ibada kilikuwa kidogo, na pale mbele ndipo watu huweka mavuno. Ya nyumbani unayajua: ndizi, maboga, kuku amefungwa miguu, halafu mnada baada ya ibada. Sisi wa huku tusio na shamba tunaleta vitunguu vya dukani, stika ya bei bado imeng'ang'ania. Nikajiuliza, kwani vitunguu ndivyo vizuie Krismasi? Asubuhi ya Ijumaa ya mavuno nikausimamisha mti palepale mbele, nikawasha taa, kisha nikasimama mlangoni kutangaza kwamba mwaka huu shukrani tumeziunganisha na Krismasi. Nani alinituma? Hakuna. Mchungaji alikuwa bado njiani.

Ndipo akafika Mama Rhoda. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kule Umm Salal, mtu wa Kakamega, mkubwa wetu sote kwa umri. Alikuja amekumbatia ndoo ya rangi, ndani kitu kirefu kimefunikwa leso, anatembea kama mtu aliyebeba mtoto anayelala.

"Mavuno yanawekwa wapi, Barasa?"

"Mama, mwaka huu ni Krismasi. Vyote tutaleta siku hiyo."

"Krismasi mimi sipo. Matajiri wangu wanasafiri, wananibeba nikawalelee watoto. Hii Ijumaa moja nimeiomba tangu joto likiwa la kuchoma soli."

"Basi Mama, si unaweza kushukuru tu moyoni?"

Aliniangalia mpaka nikajishika tai. "Sikuahidi kushukuru moyoni. Mtoto wangu alipolala hospitali, mkono haunyanyuki, nilisema akipona nitasimama mbele ya watu. Wewe kijana, unamsafishia Mungu barabara alete zawadi ingine, na hii aliyokwisha kuleta umeiacha imesimama nje juani?"

Akafunua leso.

Mwanangu, lilikuwa hindi. Mmea mzima, umesimama ndani ya ndoo, majani yanang'aa kijani, na hindi dogo moja limejishika kiunoni na ndevu zake. Hapa! Mahali ambapo hata mchanga unatafuta kivuli! Binti yake, alipopona, alipukuchua mahindi makavu kwa mkono ule ule, akampa mtu anayesafiri amletee mama apike githeri, mahindi na maharagwe. Mama akapika, akabakiza punje moja. Joto lilipoanza kulegea akaipanda nyuma ya jiko, chini ya kiyoyozi, pale maji yanapodondoka tone, tone, tone, maji ambayo sisi wengine tunayaruka tusilowe viatu.

Watu wakasongamana mlangoni. Askari mmoja wa lindo, mtu wa Bungoma mwenye kifua kama kabati, aliinama akaweka pua kwenye jani. Alikaa hapo. Aliponyanyuka macho yamelowa, akasema tu, "Inanukia nyumbani." Watu wakaanza kuligusa mmoja mmoja, kwa ncha ya kidole.

Sikuambiwa. Niliuzima ule mti, nikaukumbatia, nikaukokota mpaka nje. Theluji ya pamba ikanigandia kwenye suti na jasho, nikakaa ibada nzima kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Hakuna aliyenicheka. Hakuna aliyeniona hata! Macho yote yalikuwa kwa Mama Rhoda, aliyesimama karibu na ndoo yake, akasema, "Mtoto wangu ananyanyua mkono. Asante," akakaa. Ushuhuda mfupi kuliko wote niliowahi kusikia.

Mnada ulipofika, yule askari ndiye alikuwa mnadi wetu, mwenye sauti ya kuangusha ukuta. Alilinyanyua lile hindi, akafungua mdomo, sauti ikakataa. Nani angeweza kulitajia bei? Mama Rhoda akacheka: "Lichemsheni, nyinyi!" Tukalimenya. Lilikuwa na mapengo kama mdomo wangu wa sasa, maana lilikuwa peke yake, halikuwa na wenzake wa kulirushia vumbi la maua. Punje hazikututosha. Tulikata na kugawana. Nusu punje yangu niliiacha ulimini, nikiogopa kuimeza.

Krismasi ilipofika Mama Rhoda hakuwepo, na mti wangu uliwaka vizuri sana, siwezi kusema uongo. Lakini chini ya mti, kwenye hori tulilotengeneza la mtoto Yesu, hatukuweka pamba. Tulitandika maganda na majani makavu ya lile hindi. Hayo ndiyo maandalizi ya Krismasi tuliyokuwa tumeyafanya siku ile ya mavuno bila kujua.

Kwa hiyo, mwanangu, nunua taa zako mapema. Imba nyimbo za Krismasi hata leo, sina ugomvi. Ila kabla hujaomba nafasi ya furaha inayokuja, angalia pale mbele kuna ya nani imekuja tayari, umpishe aseme asante yake kwa sauti. Halafu useme yako. Utashangaa sherehe imeshapata kitanda cha kulalia.

Haya, njoo nikushike kichwa nikubariki. Mungu akuone hata kwenye matone. Asikukaushe. Na siku utakayosimama mbele ya watu, akupe la kushukuru linalokushinda kusema.