Miche Iliyopauka

Kosa nililifanya asubuhi moja tu, lakini hofu yake niliishi nayo zaidi ya miezi miwili.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Baba alikuwa mtunza bustani wa memsahibu mmoja hapa Mwanza. Mimi nilikaa naye kwenye kibanda cha nyuma, nikisoma shule ya mjini. Mama alibaki Buswelu na shamba la pamba. Memsahibu alikuwa ameagiza kwao mbegu za maua ya jamii ya kabichi, yenye harufu tamu ajabu. Mara mbili yalikufa kwa joto. Mara ya tatu yakaota, naye akasema wazi kwamba yakiharibika tena atatafuta mtu mwingine.

Wiki ya kupunguza miche, homa ikamwangusha Baba. Akanituma mimi, binti wa miaka kumi na miwili.

"Ng'oa ile ya kijani iliyokolea," akasema akitetemeka ndani ya blanketi. "Acha iliyopauka."

Nilidhani ni homa inayosema. Nani anang'oa mche wenye afya, akaacha dhaifu? Mama alinifundisha kupunguza pamba tangu nikiwa mdogo, na mche uliopauka kwake haukuwa na msamaha. Nikang'oa yote iliyopauka, nikarudi najisifu.

Baba alipopona alikwenda kulikagua tuta. Hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba iliyopauka ndiyo hutoa ua lililojaa kama waridi, lile alilolitaka memsahibu. Ile mingine hutoa petali nne, basi. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilikwenda kutazama vitumba, nikiomba vichelewe.

Vikafunguka. Petali nne, kila shina. Harufu ilifika hadi jikoni kwetu, nikaichukia.

Memsahibu akamwita Baba, akauliza nani alipunguza miche. Nilikuwa nimesimama pale pale na ndoo ya maji, na mdomo wangu ukagoma.

"Ni mimi, memsahibu," Baba akasema. "Homa ilinichanganya."

Mwisho wa mwezi tulirudi Buswelu, na shule yangu ikaishia hapo. Njiani, sufuria zikiwa kichwani, nililia nikamwambia nilipaswa kusema ni mimi. Baba alisimama, akaniwekea sawa mzigo uliokuwa unateleza.

"Pamba itakuwa nzuri mwaka huu," akasema. "Nina mtu anayejua kupunguza."